Koti Namba Arobaini na Moja

2 Machi

Kosa wanalofanya wengi ni kudhani kwamba polisi hubadilika kwa kubadilishiwa vifaa. Ukiwapa gari jipya, kompyuta na viatu visivyopitisha maji, basi tabia njema itakuja imefungwa kwenye boksi hilo hilo. Nimefundisha shule maisha yangu yote ya kazi. Madawati mapya hayajawahi kumfundisha mtoto hesabu. Humfanya akae vizuri tu huku hajui.

Naandika haya kwa ajili ya atakayekalia kiti hiki baada yangu. Kiti chenyewe ni cha plastiki, na kiko katika chumba kilichokuwa stoo ya baiskeli zilizookotwa, nyuma ya kaunta ya kituo cha polisi cha mtaa wetu. Mlangoni pamebandikwa karatasi: Dawati la Malalamiko. Wafadhili wa nje, wanaosaidia kurekebisha polisi tangu serikali ya zamani ilipoanguka, walitaka raia asiye na chama akae hapa, awasikilize watu walioonewa na askari na kuyafikisha maneno yao mbele. Wakaja kwangu kwa kuwa nimestaafu, na kwa kuwa nusu ya askari wa hapa niliwafundisha kusoma. Sajini wa zamu ni mtoto wa mdogo wangu. Nililisema hilo mapema, wakajibu kwamba si neno.

Mvua za kwanza zimenyesha leo. Paa linavuja juu ya kiti cha mlalamikaji, juu yangu ni pakavu. Nimebadilisha viti.

5 Machi

Mshauri wa mradi amekuja na maboksi. Ni polisi mstaafu kutoka nchi ya mbali, na askari wamembandika jina la Bwana Ratiba, kwa sababu hata salamu huitafutia saa yake. Ni mtu mwema. Kiswahili chake amekitoa kitabuni, na kinapomkwama huniangalia mimi.

Nieleze jambo moja kabla sijaendelea. Tangu mwaka jana kila askari ana kibati chenye namba yake kifuani. Namba ni kwa ajili yako wewe mwananchi. Askari akikuonea, humjui jina wala kwao, lakini ukiishika namba unaweza kumpata. Kasoro ilikuwa mvua: askari akivaa koti, kibati kinafunikwa. Kwa hiyo makao makuu ya mradi yamenunua makoti mapya yenye kofia, na kila koti limechapwa namba kubwa kifuani. Bwana Ratiba akalivaa moja ili tuone. Sajini akamwambia limempendeza, abaki nalo ahamie zamu ya usiku. Gwaride zima likacheka, naye pia alicheka nilipomtafsiria.

9 Machi

Mvua. Mlalamikaji mmoja tu, kaibiwa kuku na jirani. Nikamweleza kwa upole kwamba hapa tunapokea malalamiko dhidi ya polisi. Akafikiri kidogo, akasema polisi nao hawajamtafuta huyo kuku. Nimempokea.

14 Machi

Leo sitaandika kwa kifupi.

Kulikuwa na amri ya kuwaondoa wafanyabiashara wa barazani, barabara ya kituoni. Amri za namna hiyo huja kila serikali inapojihisi dhaifu. Ikishindwa kuwaondoa wenye bunduki, huwaondoa wenye meza. Askari walitoka asubuhi mvua ikimwagika, wote na kofia za makoti zimewafunika mpaka kwenye nyusi.

Mchana akaletwa kwangu fundi cherehani. Ni mwanamke wa makamo, anashona sare za shule mbele ya duka la vyombo, na nguo yangu niliyovaa leo ni kazi yake. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba kama mhogo. Alieleza bila kulia. Alikubali kuondoka, ila akaomba aachwe abebe cherehani. Askari mmoja akaishika upande wa pili kana kwamba anamsaidia, kisha akaisukuma ikaangukia mtaroni. Alipoinama kuivuta, rungu likamshukia mkononi.

Nikamwuliza kama alimwona uso. Akasema hapana, kofia ilikuwa imemfunika.

"Lakini alikuwa ameinama juu yangu, Mwalimu. Namba ilikuwa hapa," akaweka kiganja cha mkono mzima mbele ya pua yake. "Arobaini na moja. Ningekuwa nimeipima kwa futi nisingeiona vizuri zaidi."

Nimeandika yote, amesaini kwa mkono wa kushoto. Daktari amesema mfupa umevunjika. Kwa mara ya kwanza nimeona faida ya yale makoti, na nimemwambia Bwana Ratiba hivyo. Alifurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi.

16 Machi

Namba arobaini na moja ni ya askari wa masjala, mzee mwenzangu kidogo, mpole. Siku ya tarehe kumi na nne alikuwa hospitali akipasuliwa ngiri. Kuna barua ya daktari na kuna mshono. Alitaka kunionyesha mshono, nikamwambia barua inatosha.

21 Machi

Fundi ameshitakiwa. Mkuu wa kituo amefungua jalada: kutoa taarifa za uongo dhidi ya polisi. Ni kosa la kifungo. Kesi itasikilizwa mapema Mei.

Nilikwenda kumwona mkuu ofisini kwake. Ni mtu nadhifu, huzungumza taratibu na hunyoosha kalamu mezani akiwa anakusikiliza. Alisema hana ugomvi na fundi. Alisema mradi umetaka polisi wawajibike, sasa na raia nao wawajibike. Alisema, tena kwa heshima zote, kwamba umri wangu ni wa kupumzika.

Fundi alipoambiwa, aliuliza jambo moja tu: akifungwa, nani atampokea binti yake akitoka shule. Nikasema kesi bado. Mimi ndiye niliyemwambia asaini.

24 Machi

Nimeona kwa macho yangu, na ni jambo dogo mno hata aibu kuliandika.

Nilikuwa nimesimama ukumbini nikingoja mvua ipungue, zamu zikibadilishana. Wanaotoka walivua makoti na kuyatundika kwenye kulabu, maji yakichuruzika. Wanaoingia wakaja, wakayapapasa moja moja kutafuta lililokauka kidogo, wakavaa, wakatoka. Makoti ni yale yale, watu ni wengine.

Nikamfuata Bwana Ratiba, nikamwomba ayahesabu. Makoti ni nusu ya askari. Walionunua huko makao makuu walipiga hesabu zao kwa werevu kabisa: wakati wowote nusu ya askari wako nyumbani, na aliye nyumbani hahitaji koti. Hawakukumbuka kwamba wamelichapa namba. Kwa hiyo mvua ikinyesha, namba kwenye mtaa huu si ya mtu. Ni ya koti.

Bwana Ratiba aliyatazama makoti muda mrefu. Alikuwa ameshaandika kwenye ripoti yake kwamba askari wote wanaonekana namba, mia kwa mia. Nikamwambia ni kweli, zinaonekana.

25 Machi

Sasa kosa la mnunuzi nimelielewa. Lakini leo nimesimama tena pale pale ukumbini, makoti yote makavu, mawingu ndiyo kwanza yanatanda, na nimeona askari wakibagua. Kila aliyekuta koti lenye namba yake aliliacha akachukua la mwenzake. Wa kwanza kufanya hivyo alikuwa koplo wanayemwita Kengele, kwa sauti yake. Aliponiona akanisalimia shikamoo ndefu mno. Walikuwa wamelijua kosa kabla yetu, na walikuwa wamelipenda.

Aliyesimama kwenye kulabu akigawa makoti alikuwa sajini, mtoto wetu.

28 Machi

Radio imepiga muziki mtupu tangu asubuhi. Ikipiga muziki mtupu, watu hapa hujua serikali inayumba, hununua mkaa. Nami nimenunua.

29 Machi

Radio imerudi kuongea. Uchaguzi umesogezwa mbele. Askari wanakwenda nyumbani na nguo za kiraia, sare kwenye mifuko ya plastiki.

2 Aprili

Sajini alikuja kwangu siku yake ya mapumziko kuziba mfereji wa paa. Hakuna aliyemwita, tangu mume wangu afariki huja kila mvua zikianza kushika. Nilimshikia ngazi, na nilingoja mpaka amefika juu kabisa, mahali ambapo hawezi kuondoka bila kunipita.

Nikamwuliza siku ile koti arobaini na moja alimpa nani.

Alipiga nyundo kwanza. Kisha akasema kutoka juu, "Mama Mkubwa, umeningoja nipande."

"Nimefundisha watoto watoro, mwanangu. Jibu."

Hakujibu, bali alieleza, na nitamtendea haki kwa kueleza alivyoeleza. Serikali ya zamani ilipoanguka alikuwa kijana. Baba yake, shemeji yangu, alikuwa polisi. Watu walikuja kwenye nyumba za polisi na mafuta ya taa, nao wakakimbilia msituni, mama yake na vitoto vyote, wakarudi kukuta kuta tupu. Na serikali hii nayo haina miguu. Ikianguka kesho, watu watatafuta nani alifanya nini. Askari asiyejulikana namba ana nafasi ya kuishi. Yeye hagawi makoti ili watu wapigwe. Anagawa ili askari wake wasichomewe watoto.

Mimi siku zote hizi nilidhani ni ujanja. Kumbe ni woga, na woga huo una sababu. Nilikuwa nimewapokea hao watoto kwangu wakinuka moshi. Lakini kueleweka hakumfanyi mtu awe sahihi.

Nikamwuliza siku ile ya moto baba yake alikuwa wapi.

"Kwa daktari wa meno. Unajua."

"Alikuwa amempiga nani?"

"Baba? Baba hakuwahi kumpiga mtu."

"Na waliochoma walilijua hilo?"

Akaishusha nyundo. Nikamkumbusha yule mwanamke wa usalama barabarani, aliyekuwa akivusha watoto wa shule yangu kila asubuhi. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwao, safu ile ile. Watu walifika mlangoni kwake na mafuta yao, mmoja akasema huyu ni wetu tunamjua, wakapita.

"Walichoma kwenu kwa sababu hawakujua ni nani," nikasema. "Kwao polisi walikuwa kitu kimoja. Ndicho unachowafanya askari wako kila asubuhi pale kwenye kulabu. Unawafanya wote wawe Kengele."

Jina hilo sikuwa nimepanga kulisema. Aliniangalia kutoka juu ya ngazi, na macho yake yakanitosha kuwa jibu. Kisha akaendelea kupiga nyundo. Akashuka, akanywa chai, akakataa ya pili. Mlangoni akasema ana watoto watatu, Mama Mkubwa. Nikamwambia nawajua, nawapenda, na fundi ana mmoja.

3 Aprili

Mfereji hauvuji.

10 Aprili

Nimepeleka maelezo ya makoti kwa mkuu, kwa maandishi. Aliyasoma yote, akanyoosha kalamu. Akasema ni nadharia ya kupendeza. Koti linaweza kuvaliwa na yeyote, kwa hiyo fundi hajui aliyempiga, kwa hiyo amemsingizia mtu, kwa hiyo kesi iko pale pale. Ilinibidi nikubali kimoyomoyo kwamba amenishinda kwa hoja. Bila mtu wa kusema nani alivaa, ukweli wangu unamsaidia yeye.

11 Aprili

Chumba changu kimehitajika kuhifadhi baiskeli. Nimeweka kiti ukumbini, karibu na makoti. Mkuu amenifanyia hisani: hapa naona kila kitu.

15 Aprili

Hakuna aliyekuja kulalamika. Nimeshinda nikitazama kulabu. Sajini amegawa makoti bila kuniangalia.

19 Aprili

Bwana Ratiba amenitembelea nyumbani. Wakaguzi wa wafadhili wanakuja katikati ya Mei, na wakikuta aibu mradi utafungwa. Utafungwa pamoja na mafunzo, pamoja na choo kipya cha mahabusu, pamoja na kiti changu. Aliomba tungoje wakaguzi waondoke, kisha tuliseme hili la makoti taratibu.

Nikamwuliza kesi ya fundi ni lini. Alijua tarehe, yeye anajua tarehe zote. Ni kabla ya wakaguzi.

Nilimweleza hivi, na nilichagua maneno mepesi asikose hata moja. Kama mradi unaweza kuishi kwa kumwacha fundi afungwe, basi tayari umeshakufa, kilichobaki ni samani. Wageni wanaotusaidia hudhani kinachovunja misaada ni aibu ikijulikana. Mtaani kwetu kinachoivunja ni pale watu wanapojua, nanyi hamsemi. Barabara nzima iliona cherehani ikienda mtaroni.

Alifungua kitabu chake cha ratiba, akaandika kitu, akakifunga. Wakati wa kuaga akasema kwa Kiswahili chake, "Makoti ni kosa letu sisi. Mimi nakuja mahakamani kusema."

Nilimwambia alete na risiti.

23 Aprili

Mvua kubwa. Kengele amepita mbele ya kiti changu akiwa na koti namba kumi na mbili. Mwenye kumi na mbili ni msichana mfupi wa kaunta. Koti lilimfika kiunoni.

30 Aprili

Fundi ametolewa plasta hospitali, akapita kituoni kunionyesha mkono. Vidole havijakunjuka vizuri. Alitazama makoti kwenye kulabu, akagusa mshono wa bega la moja, akasema limeshonwa kwa haraka, litaachia. Nilimwuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa sana, lakini hatabadilisha namba.

Sajini alikuwa kaunta. Alisikia.

6 Mei

Siku ya kesi. Radio ilipiga muziki mtupu tangu alfajiri.

Maduka yalifungwa. Njiani nilikutana na askari wawili wa kituo chetu, wamevaa fulana, wakielekea makwao upesi. Mahakamani walikuwapo hakimu, karani wake, fundi na binti yake aliyevaa sare aliyoshonewa na mama, mkuu wa kituo na mwendesha mashtaka. Bwana Ratiba alifika kwa miguu, viatu vimejaa tope, kwa kuwa dereva wa mradi amekatazwa kutoka. Karani alipendekeza shauri liahirishwe kutokana na hali. Hakimu alitazama dirishani, akasema hali ikingojwa iwe nzuri yeye atastaafu hajasikiliza kesi hata moja. Tukaanza.

Mwendesha mashtaka alisoma barua ya ngiri. Bwana Ratiba alisimama akaeleza makoti: nusu, namba, kulabu. Aliongea Kiswahili mwenyewe, polepole, na alipokwama hakuniangalia. Alisema mradi wake ndio ulionunua hivyo na lawama hiyo ni yao. Mkuu akasimama akasema kile kile alichoniambia mimi: vizuri sana, basi mshitakiwa hajui aliyempiga.

Hakimu aliuliza kama kuna anayejua koti hilo lilivaliwa na nani.

Nilikuwa nimeshapoteza tumaini. Hapo mlango wa nyuma ukafunguka, na nikasikia viatu. Sajini alikuwa amevaa sare kamili siku ambayo hakuna askari mwingine mtaani aliyethubutu. Kibati chake kilikuwa kifuani, kimesuguliwa. Alikuwa amepita barabara yote ya kituoni akionekana hivyo.

Alipiga saluti kwa hakimu. Mkuu hakuangaliwa.

"Makoti nagawa mimi, mheshimiwa. Siku hiyo arobaini na moja nilimkabidhi koplo wa zamu, mkononi. Nilimwona akivaa, na nilimwona akitumia rungu."

Akamtaja jina. Hakimu akamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba aliogopa, na kwamba bado anaogopa, lakini amechoka kuwa mtu yeyote tu, asiyejulikana ni nani.

Fundi ameachiwa. Jalada la Kengele limeagizwa lifunguliwe. Nje binti alimwuliza mama yake kama wanaweza kwenda nyumbani sasa, naye akasema ndiyo, kama vile ni jambo la kawaida.

Jioni radio ikaanza kuongea. Waziri mmoja ameondoka, mwingine ameingia. Maduka yamefunguliwa.

8 Mei

Sajini amehamishiwa kituo cha mpakani, kwa manufaa ya kazi. Barua ilitangulia hata chai ya asubuhi. Alikuja kuaga na kuniachia nyundo na misumari ya paa. Mdogo wangu, mama yake, ameninunia. Anasema nimemtoa mtoto wake sadaka. Sikubishana naye. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, na nitakwenda tena Jumapili anifokee yaliyobaki.

12 Mei

Kabla hajaondoka, sajini alipeleka shati lake kwa fundi akaomba namba ishonwe juu ya mfuko kwa uzi, isiwe ya kubandua. Cherehani ilitolewa mtaroni ikatiwa mafuta, na inalia kidogo. Fundi alishona taratibu, akipumzisha vidole. Alikataa malipo, sajini akakataa kukataliwa, nikawaacha wakivutana.

Leo msichana wa kaunta, namba kumi na mbili, naye amepeleka lake. Akafuata yule mzee wa masjala. Wengine hawajafika. Mkuu amekwisha kutoa tangazo kwamba sare haziruhusiwi kushonwa kitu nje ya utaratibu. Nimemwandikia kumwomba utaratibu.

15 Mei

Wakaguzi wamekuja, wamekaa, wameondoka. Bwana Ratiba aliwapeleka kwenye kulabu kwanza, kabla ya choo kipya. Hatujui wataamua nini. Makoti ya nusu iliyobaki ameshayaagiza, kwa barua kali.

18 Mei

Mvua zimekatika. Vumbi limeanza kurudi ukumbini.

Huenda mradi ukafungwa, huenda kiti hiki kikapewa mtu mwingine. Kama ni wewe, usianze na mafaili, nayo mafunzo yaache kwanza. Kibati kimewekwa ili kisomwe, na namba isiyosomwa na mtu ni pambo. Asubuhi hii nilipita kwenye gwaride nikimsalimia kila askari kwa namba iliyo kifuani kwake. Watatu walinirekebisha wenyewe, wakasema Mwalimu, hiyo si yangu, wakaenda kubadilisha kibati.

Leo, kabla hujaketi, nenda gwarideni, simama mbele ya askari wa kwanza, soma namba yake kwa sauti, na umwulize kama ni yake.